Mkanda wa Harusi Nisioruhusiwa Kuutazama

Wawi,
Chake Chake,
Pemba.

12 Novemba 2023

Mpendwa Dada Samah,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nakuuliza hali yako, kisha hali ya goti lako, maana Bibi aliposikia kwamba unapanda ngazi kwa kushika ukuta alikosa usingizi. Shemeji Maher hajambo? Watoto hawajambo? Huko Muscat joto limepungua, au bado mnajifungia ndani mchana kutwa?

Sisi huku Wawi, Alhamdulillah, ni wazima. Bibi Zuweina presha yake imetulia, lakini hasira hazijatulia. Vuli imekuja vibaya na karafuu haziwahi kukauka. Wingu likitokea anatupigia kelele tuanue; likipita anatupigia kelele tuanike tena. Mama anakusalimu sana. Dada yangu Maha yupo na cherehani yake, na mdomo wake pia upo.

Naandika kwa kalamu badala ya simu kwa sababu mbili. Barua hii inafuatana na flashi ndogo nyeusi, ambayo jirani yetu Bi Asya, anayekuja kumtazama mwanawe huko, amekubali kuibeba katika mkoba wake na kukukabidhi mkononi. Sababu ya pili ni kwamba kwenye simu hunisikilizi. Nikianza kueleza, unanitumia ujumbe mwingine wa sauti juu ya ule ambao sijaumaliza. Karatasi huwezi kuikatiza.

Dada, mimi ni mdogo wako na naogopa kukukosea adabu. Hata sentensi hii nimeiandika na kuifuta kabla ya kuiandika tena. Lakini lazima niseme kwamba umeniudhi. Ule ujumbe wako wa mwezi uliopita, unaosema, "Fahd, yakhe, miaka yote ile chuoni umesomea nini? Si unabonyeza tu?" haukusikilizwa na mimi peke yangu. Mama aliusikia. Bibi aliusikia. Maha aliurudia kwa wateja wake wote waliokuja kupima nguo. Tangu siku hiyo ananiita Bwana Bonyeza, na juzi mtoto wa jirani ameniamkia kwa jina hilo njiani.

Najua unachokitaka, na najua kwa nini. Mama yako, Mama Mkubwa Rahila, Allah amrehemu, hakupenda kupigwa picha. Imebaki ile ya kitambulisho tu, na ile haifanani naye. Mahali pekee anapoonekana akitembea, akicheka na kucheza ni kwenye DVD ya harusi yako, upande wa wanawake, na DVD yenyewe imebaki moja, hiyo aliyoificha Bibi kabatini chini ya mashuka. Mwaka haukuisha baada ya harusi ile, naye akatutoka. Binti yako hajapata kumwona bibi yake akiinua hata mkono. Ndiyo maana uliponiomba niitoe kwenye diski na kuifanya video ya kuchezeka kwenye simu na televisheni yenu, sikukataa. Lakini na wewe ujue nilikubali nini.

Huku deki za DVD zimekwisha. Ya Bibi ilikuwa makaazi ya mende, na nilipoifungua walinitoroka kwa hasira kama wapangaji waliofukuzwa. Kompyuta za siku hizi hazina pa kutia diski. Niliyoipata ni moja tu, kompyuta kuukuu ya masjala ofisini kwetu, ambayo ikiwashwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Nilimwomba ruhusa mkuu wetu, Bi Mwanakhamis, nishughulikie "faili la familia" wakati wa mapumziko ya mchana. Akasema sawa bila kuinua macho. Nilishukuru kwamba hakuuliza ni faili la namna gani. Unajua bado nimo katika majaribio ya kazi, sijathibitishwa. Nikisikia viatu vyake ukumbini, natafuta faili la kushika.

Tena kuna jambo unalolisahau kila unaponikemea. Mimi ni mwanamume. Ndani ya mkanda ule wamo wanawake wa nusu ya Wawi na wengine kutoka Pujini, vichwa wazi, wake za watu na mama za watu, na wewe mwenyewe umepambwa. Aliyeshika kamera alikuwa mwanamke, na wenziwe walikubali kurekodiwa kwa ahadi kwamba mwanamume hatautia machoni. Ahadi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Hata Shemeji Maher hajauona. Sasa niambie, nani amewahi kutengeneza video asiyoruhusiwa kuitazama? Bi Samah, chuoni hilo hawafundishi.

Basi nikafanya kazi kwa masikio. Nilifunika sehemu ya juu ya kioo cha kompyuta kwa kanga ya Bibi, nikaacha wazi mstari wa chini wenye vitufe. Kanga yenyewe imeandikwa "Tazameni Msichoke," kana kwamba Bibi aliichagua kwa kusudi. Nikatia diski, nikaiamuru programu iisome na kuibadilisha hapo hapo, nikageukia ukuta nikasikiliza. Ngoma ilikuwa ikilia vizuri. Hapa na pale nilisikia kitu kikigonga, nikadhani ni mpigaji wa pili. Nikakata kipande kifupi cha majaribio, nikampa Maha akutumie.

Ulijibu kabla sijafika nyumbani: "Fahd, hawa watu mbona wanaruka kama panzi?"

Ile milio niliyodhani ni ya mpigaji ilitokana na mikwaruzo ya diski. Nimekuja kujifunza kwa tabu kwamba diski ikiwa na mikwaruzo, mashine hurudia kusoma mahali pamoja mara nyingi, na programu inayobadilisha video haisubiri. Inaziacha picha zilizochelewa na kuendelea mbele. Ndiyo maana watu wanaruka. Dawa yake ni kuifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni na si kwa kuzungusha, kisha kuinakili yote kwanza ndani ya kompyuta, polepole, na kuibadilisha kutoka huko. Nilifanya hivyo. Mapumziko ya siku nzima yalikwenda kwa kunakili tu, nami nikala wali wa baridi.

Kukwama kukapungua, lakini ukasema bado inatikisika. Ukasema na macho yanakuuma. Hapo nikatambua kwamba masikio hayanitoshi, nikamwomba Maha aje ofisini mchana na kikapu cha chakula, awe macho yangu. Yeye akakaa mbele ya kioo, mimi nikakaa nimempa mgongo. Dada, heri ningemwomba paka.

"Maha, inatikisika?"

"Ngoja kwanza. Subhanallah, huyu si Bi Mwanapili? Kumbe alikuwa na kiuno!"

"Sikukuuliza kiuno. Inatikisika au haitikisiki?"

"Nani?"

"Picha, Maha, picha!"

"Usinipigie kelele, Bwana Bonyeza. Rudisha nyuma, gauni limenipita."

Mchana wote huo nilipata habari za magauni, za nani alikonda na nani alinenepa, na za mama mmoja wa Pujini aliyetia sambusa kwenye mkoba akidhani kamera haimwoni. Kuhusu ugonjwa wa video niliambulia maneno mawili tu, kwamba watu wanakwenda kwa vishindo, na kwamba mikono ya wanaocheza ina meno kama kitana.

Lakini maneno hayo mawili yalinifaa, nami kwa haki nampa sifa yake. Video si kitu kinachotembea. Ni picha zilizosimama zinazofuatana upesi. DVD za kwetu zina picha ishirini na tano katika kila sekunde. Programu niliyoitumia ilikuwa imepangwa kutoa thelathini, kwa hiyo kila baada ya picha tano ilikuwa ikiirudia moja ili hesabu itimie. Ndivyo vishindo vile. Nikaiamuru itoe ishirini na tano kama ilivyo diski, isiongeze wala isipunguze. Na yale meno ya kitana yanatokana na televisheni za zamani. Kila picha ilirekodiwa nusu mbili zinazopishana mstari kwa mstari, na mtu akicheza, nusu hizo hazikutani. Programu ina mahali pa kuziunganisha; unaweka alama tu. Alama moja, Dada! Nimeitafuta kwa wiki mbili huku nimegeukia ukuta.

Kisha nikaipunguza ukubwa ili simu yako isilemewe, Maha akakutumia kipande kingine. Hukusema ahsante. Ulisema: "Sasa nzuri, lakini Mama anapocheza, ghafla picha inaganda usoni mwake na ngoma inaendelea. Hapo pakate tu. Niletee kilichobaki."

Nilipousikia ujumbe huo nilitamani kuitupa kompyuta ya Serikali dirishani. Nilifuta diski upya. Nilinakili upya, polepole zaidi. Nilitumia programu nyingine. Kila mara Maha alinijibu vile vile, kwamba uso wa Mama Mkubwa umejaa kioo, umeganda, na ngoma inalia. Nikajilaumu. Nikaona nimeiharibu diski kwa kuifuta. Nikaona Bibi atakapojua itakuwaje. Siku mbili sikula vizuri, Mama akadhani nina homa.

Jumatano nikakata shauri kukutii. Maha alikuwa amekwenda kusali adhuhuri chumba cha wanawake. Mimi nikafunika kanga, nikageukia ukuta, nikasikiliza mpaka ngoma ilipofika pale, nikaweka alama ya mwanzo wa kukata. Nikageuka tena, nikasikiliza, nikaweka alama ya mwisho. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza. Hapo mlango ukafunguliwa.

"Fahd," akasema Bi Mwanakhamis, "kompyuta ya Serikali umeivisha kanga?"

"Hapana, Bi. Yaani ndiyo, Bi. Imevaa, lakini..."

"Na weye umeelekea ukutani. Nani kakutia adabu?"

Nikasimama nikaiziba kompyuta kwa mgongo. Nikamwambia kwamba ndani yake kuna harusi. Akauliza harusi ya nani. Nikasema ya dada yangu aliyeko Muscat, upande wa wanawake. Akaitazama kanga, akanitazama mimi, nami nikaanza kuiaga kazi yangu na kufikiria nitamwambia nini Mama.

"Unaitengeneza harusi ya wanawake bila ya kuitazama?"

"Ndiyo, Bi."

"Kama mtu anayefua nguo na hataki kuigusa." Akavuta kiti. "Toka nje."

Nikatoka. Maha alikuwa anarudi kutoka kwenye sala, Bi Mwanakhamis akamwita ndani, mlango ukafungwa. Nilisimama ukumbini, nikiwasalimia watu waliopita kana kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Kwanza ikasikika ngoma tu. Kisha nikasikia kicheko cha Maha, na baada yake kicheko nisichokijua, kikubwa, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni cha mkuu wangu wa kazi. Kisha vicheko vikakatika, ikabaki ngoma.

Maha akafungua mlango. Hakuniita Bwana Bonyeza. Alisema, "Fahd, njoo. Hapa yumo Mama Mkubwa peke yake. Weye ni maharimu wake, waruhusiwa kumtazama."

Niliingia nikitazama sakafu. Nimezoea hivyo, na tena niliogopa kwamba Maha amekosea.

"Inua macho, kijana," akasema Bi Mwanakhamis. "Huyu ni mama yako."

Dada Samah, nimeutengeneza mkanda huo kwa wiki nyingi na sikuwa nimeuona hata mara moja. Niliinua macho, naye alikuwa mbele yangu, uso wake umejaa kioo chote, umetulia kabisa. Nilikuwa mtoto alipofariki. Nilikuwa nimeusahau ule mkunjo mdogo kando ya mdomo wake. Ngoma ilikuwa ikilia na yeye hatikisiki. Nikasema, "Ndiyo hapa, Bi, imeganda, nimejaribu kila kitu."

"Tazama moshi," akasema.

Mbele yake chini kulikuwa na chetezo, hakionekani, lakini moshi wa udi ulikuwa ukipanda. Ukapita kidevuni, ukapita shavuni, ukazunguka polepole karibu na sikio lake na kupotea, na mwingine ukaja. Katika nakala zile za kuruka, na katika kipande kile kidogo cha simu, moshi huo haukuonekana. Ulikuwa kama doa tu. Sasa ulikuwa ukienda kama moshi, na Maha, ambaye siku zote alitazama uso tu, naye akauona. Picha haikuwa imeganda. Video ilikuwa nzima. Yeye ndiye aliyesimama.

Kisha akapepesa macho. Akameza mate. Midomo ikasogea kidogo, maneno hayakusikika kwa sababu ya ngoma. Baadaye kamera ikaanza kugeuka, na hapo hapo Maha akanitupia kanga kichwani.

Niliporudi nyumbani nilimwuliza Bibi. Aliacha kuchambua mchele. Anasema pale ndipo ulipotolewa chumbani. Mama yako alikuwa katikati ya wanawake, anacheza, na wewe ukaletwa mlangoni. Alipokuona akasimama, na mpiga kamera akamsogelea yeye badala ya kukusogelea wewe. Wenzake walimvuta mkono arudi kwenye ngoma, hakurudi mpaka ulipokaa. Wewe hukuona. Ulikuwa umefunikwa ushungi, umeinamisha macho kama mabibi harusi wote.

Mahali hapo sikupakata, Dada. Nisamehe kwa kutokukutii.

Sasa maelekezo, na nakuomba uyafuate badala ya kunitumia ujumbe. Usiicheze video moja kwa moja kutoka kwenye flashi, hasa ikiwa televisheni yenu ni ya zamani. Inakili kwanza kwenye kompyuta, au ichezwe kwenye kompyuta yenyewe iliyounganishwa na televisheni. Ikitikisika, funga programu nyingine zote kwanza kabla ya kunilaumu. Usiitume kwa WhatsApp, maana huibana na kuiharibu, na tena ikishatoka kwako hujui itaishia kwenye simu ya mwanamume gani. Itazameni wanawake tu, mlango umefungwa. Shemeji Maher mwambie asubiri msikitini.

Kwenye kompyuta ya ofisi hakuna kilichobaki. Bi Mwanakhamis alisimama nyuma yangu mpaka nilipofuta kila kitu, na nilipomaliza akaniuliza kama na kapu la takataka nimelimwaga. Nilikuwa nimelimwaga. Kazi sijafukuzwa, Alhamdulillah, lakini Alhamisi alikuja na mfuko wa rambo wenye DVD nne za harusi za ukoo wake wa Kojani, akaziweka mezani kwangu pamoja na kanga yake mwenyewe. Sikuthubutu kukataa. Maha anasema tufungue duka. Mimi nasema nihurumiwe. DVD yako imerudi kabatini kwa Bibi, chini ya mashuka.

Nisalimie sana Shemeji Maher na watoto wote, na binti yako umwambie bibi yake alikuwa mchezaji hodari, nimesikia kwa masikio yangu. Mama anakusalimu, Maha anakusalimu na anauliza kitambaa cha gauni ulichomwahidi kiko wapi. Bibi anakuombea goti lipone na anasema usipande ngazi bila ya haja. Mola akuhifadhini nyote, akupeni afya na riziki ya halali, na amjaalie Mama Mkubwa kaburi lenye nuru.

Jambo la mwisho. Utakapotazama utafika mahali uso wake utajaa kioo na kutulia, na ngoma itaendelea. Nakusihi usiguse kitu, wala usinitumie ujumbe kwamba pamekwama. Kaa tu utazame. Ni wewe anayekutazama.

Mdogo wako akupendaye, hata anapoudhika,

Fahd